Hitilafu za mtambo wa simu za ofisi: namna ya kutafuta kiini kabla ya kubadilisha kadi

Ofisi ya uwakala wa forodha, ghala la nafaka au kampuni ya malori yenye tawi kila upande wa mpaka huendesha kazi zake kwa simu. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya Malaba, mteja wa Kampala anayetaka namba ya kontena na karani wa bandarini Mombasa wote hupiga namba ile ile iliyoandikwa kwenye ankara na mihuri ya kampuni. Mtambo unaogawa simu hizo kwa wahusika, ambao mafundi wengi huuita PABX au swichibodi, ukinyamaza, kazi huhamia kwenye simu za mkononi za wafanyakazi. Hapo mwenye kampuni hajui tena nani ameahidi nini kwa mteja yupi, na mteja asiyepata jibu huenda kwa wakala wa jirani.

Mara nyingi kinachofuata ni gharama ya pili. Fundi huitwa haraka, hufungua kabati, husema kadi imekufa, na kadi nyingine huagizwa kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Dubai. Ikifungwa, ama tatizo linabaki pale pale kwa sababu halikuwa kwenye kadi, ama kadi mpya nayo inaungua mvua inayofuata kwa sababu kilichoiua ya kwanza hakikuondolewa.

Makala haya yanaeleza utaratibu wa kutafuta hitilafu za vifaa katika mtambo wa simu wa ofisi ndogo au ya kati. Utaratibu huanza nje ya mtambo na kwenda ndani: umeme, betri, laini za nje, ethi, nyaya, na mwisho kadi.

Kwa nini kadi ishukiwe mwisho

Mitambo mingi inayofanya kazi maofisini ilitengenezwa na makampuni ambayo hayaitengenezi tena. Nortel ya Kanada iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Januari 2009, na sehemu yake ya mitambo ya ofisi ikauzwa kwa Avaya mwaka huo huo. Toshiba ilitangaza kuacha biashara hiyo huko Marekani mwaka 2017. Panasonic, ambayo mitambo yake midogo ilienea sana Afrika Mashariki, ilitangaza mwaka 2022 kujiondoa katika biashara ya mitambo ya simu za ofisi.

Maana yake ni kwamba kadi za mitambo hiyo zinazouzwa leo ni zile zilizobaki stoo au zilizotolewa kwenye mitambo mingine. Kila moja inayoungua hupunguza akiba isiyoongezeka. Kadi iliyonunuliwa kwa kubahatisha ni hasara, na kadi nzima iliyotupwa kwa kudhaniwa mbovu ni hasara kubwa zaidi.

Sehemu za mtambo

Mwenye ofisi hahitaji kuwa fundi, lakini akizijua sehemu hizi ataelewa anachoambiwa na fundi wake.

Pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani wa volti 230 hadi 240 kuwa umeme mdogo unaotumiwa na kadi.

Kadi kuu ndiyo ubongo wa mtambo. Huhifadhi namba za ekstensheni na mpangilio wote wa simu.

Kadi za laini za nje hupokea laini kutoka kampuni ya simu.

Kadi za ekstensheni hulisha simu za ndani. Mara nyingi kadi moja huwa na poti 8 au 16, na poti moja ni ya simu moja.

Bodi ya nyuma hushikilia kadi zote na kuziunganisha.

Bodi ya krone ni ile ya ukutani ambapo nyaya za jengo hukutana na nyaya za mtambo.

Hatua ya kwanza: zimekufa simu ngapi?

Kabla ya kufungua chochote, ni lazima kuhesabu. Idadi na mpangilio wa simu zilizokufa huonyesha sehemu ya kuanzia.

Chukua mfano wa ofisi yenye ekstensheni 24 zinazolishwa na kadi tatu za poti 8, pamoja na laini nne za nje.

Simu moja ikifa, hitilafu iko kwenye simu yenyewe, waya wake au poti moja. Zikifa simu nane ambazo zote zimeungwa kwenye kadi moja, kinachoshukiwa ni kadi hiyo, nafasi yake kwenye kabati au kebo inayotoka kwenye kadi kwenda ukutani. Zikifa simu tano za ghorofa moja ambazo ziko kwenye kadi tofauti, kadi hazina kosa. Kinachounganisha simu hizo ni kebo ya ghorofa hiyo. Zikifa zote 24, tatizo ni umeme au kadi kuu. Na kama watu wa ndani wanapigiana vizuri lakini hakuna anayetoka nje, mtambo ni mzima na uchunguzi uende kwenye laini za nje.

Hesabu hii huchukua dakika kumi kwa mtu mmoja anayepita mezani akinyanyua simu. Aandike namba ya kila ekstensheni iliyokufa, kisha alinganishe na orodha ya poti. Ofisi isiyokuwa na orodha hiyo inashauriwa kuiandika siku ambayo mtambo ni mzima.

Vile vile aulize: tatizo lilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini? Mvua ya radi, umeme kukatika, fundi wa kompyuta kupitisha nyaya mpya, mpaka rangi kupaka ukuta, ni habari muhimu kuliko taa yoyote iliyo kwenye kadi.

Umeme

Mtambo usiowaka kabisa uchunguzwe kwa mpangilio huu. Kwanza soketi ya ukutani ijaribiwe kwa taa ya mezani. Pili ipimwe volti kwa mita. Umeme ulioshuka sana huwasha taa lakini hauendeshi pawa saplai, na hali hii huonekana hasa jioni pale watu wengi wanapotumia umeme. Tatu iangaliwe UPS. Betri ya UPS iliyochoka huiangusha mitambo mara tu umeme unapokatika, na UPS ndogo iliyofungiwa printa kubwa hulemewa. Nne ikaguliwe fyuzi. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe na ya kiwango kile kile kilichoandikwa, kamwe isizibwe kwa uzi wa waya.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, au mtambo ukijaribu kuwaka na kuzima, kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi. Njia ya kukijua ni hii: mtambo uzimwe, kadi zote zitolewe isipokuwa kadi kuu, kisha uwashwe. Ukiwaka, uzimwe tena na kurudishwa kadi moja, uwashwe, na kuendelea hivyo moja moja. Kadi inayouangusha mtambo ndiyo yenye hitilafu. Ukikataa kuwaka hata ukiwa na kadi kuu peke yake, pawa saplai au kadi kuu ndiyo inayotuhumiwa, na hapo pawa saplai hupimwa volti zake za kutoka dhidi ya zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.

Mtambo unaojizima na kujiwasha wenyewe mara kwa mara, au uliofanya kazi vizuri kwa miaka lakini haukuwaka tena baada ya umeme kukatika, mara nyingi una kapasita zilizochoka ndani ya pawa saplai. Kapasita mbovu huvimba juu au huvuja. Zinaweza kubadilishwa na fundi wa elektroniki kwa gharama ndogo kuliko kununua pawa saplai nzima. Hata hivyo, kapasita hubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo asiyekuwa fundi asifungue boksi la pawa saplai.

Betri za akiba na betri ya kumbukumbu

Mitambo mingi hufungwa betri mbili au tatu za volti 12 kwa mfuatano. Kosa la kawaida ni kupima jumla tu. Kila betri ipimwe peke yake. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7. Inayosoma 12 iko karibu kwisha. Lakini betri inaweza kusoma vizuri bila mzigo na kuanguka mara mtambo unapoitegemea, hivyo kipimo cha kweli ni kuzima umeme wa ukutani kwa makusudi, nje ya saa za kazi, na kutazama volti ya kila betri kwa dakika kadhaa. Ile inayoshuka haraka kuliko wenzake ndiyo mbovu.

Joto ni adui mkubwa. Kwa betri za aina hii, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha kwa takriban nusu. Kabati lililowekwa kwenye chumba kisicho na dirisha huko Mombasa, Tanga au Bujumbura litakula betri upesi. Betri za mfuatano mmoja zibadilishwe zote kwa pamoja, maana betri mpya ikiunganishwa na za zamani huharibika nayo.

Betri ya pili ni ile ndogo ya duara, ya volti 3, iliyo kwenye kadi kuu. Katika mitambo mingi ya zamani hiyo ndiyo inayotunza mpangilio umeme unapokatika. Ikiisha, dalili ni kwamba baada ya umeme kurudi tarehe inakuwa ya miaka mingi nyuma, namba za ekstensheni zinarudi kama zilivyotoka kiwandani, na simu za nje zinaita mahali pasipotarajiwa. Ofisi nyingi huamini kadi kuu imekufa, kumbe ni betri inayouzwa kwenye duka la saa. Kabla ya kuibadilisha, nakala ya mpangilio ihifadhiwe kwenye kompyuta, na kitabu cha mtambo kisomwe, kwa sababu baadhi ya mitambo hutaka betri hiyo itolewe mtambo ukiwa umewaka.

Laini za nje

Jaribio la kwanza halihitaji fundi. Laini ichomolewe kwenye mtambo na kuungwa moja kwa moja kwenye simu ya kawaida ya mezani. Mlio ukisikika na simu ikatoka, laini ni nzima na tatizo liko ndani ya jengo. Usiposikika, kampuni ya simu ijulishwe, na hakuna sababu ya kufungua mtambo.

Kwa mita, laini ya shaba isiyotumika husoma karibu volti 48. Simu ikinyanyuliwa hushuka mpaka kati ya volti 6 na 12 hivi. Ikisoma sifuri, laini imekatika au imeshikana. Fundi asishike nyaya tupu kwa mkono, kwa sababu simu ikiita volti huweza kufika 90 na mshtuko wake ni mkali.

Laini ikiwa nzima lakini mtambo hauipokei, ibadilishwe nafasi: laini ya kwanza iungwe kwenye poti ya pili, na ya pili kwenye poti ya kwanza. Kisha liulizwe swali moja tu: hitilafu imehama na laini, au imebaki na poti? Ikihama, laini ina kasoro. Ikibaki, poti ya kadi ndiyo mbovu. Jaribio hili ndilo muhimu kuliko yote katika kazi hii, na hutumika kwa simu, waya na kadi vile vile. Sharti lake ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mitambo mingi ina ekstensheni moja iliyopangwa kuungana moja kwa moja na laini ya kwanza umeme unapokatika. Ofisi ikiijua simu hiyo ina njia ya mawasiliano mtambo ukiwa umezima, na pia ina jaribio la haraka: mlio ukisikika hapo wakati wa giza, laini ya nje haina tatizo.

Pale ambapo nyaya za shaba ziliibwa au kuachwa, ofisi hutumia vifaa vinavyounganisha laini ya simu ya mkononi na mtambo. Kwa hizo huangaliwa salio, nguvu ya mtandao, antena na adapta ya umeme. Salio likiisha, kwa mtambo huonekana kama laini imekufa.

Kwenye laini za kidijitali za E1, ambazo hubeba mazungumzo 30 kwa kasi ya megabiti 2.048 kwa sekunde, taa nyekundu ya kukosa mawimbi haisemi kosa ni la nani. Fundi huandaa plagi ya RJ45 ambayo waya 1 umeungwa na 4, na 2 na 5, halafu huichomeka kwenye kadi. Kadi ikijisikia yenyewe na taa ya kukosa mawimbi ikazimika, kadi ni nzima, na mzigo uko kwa kebo au kampuni ya simu.

Ethi na radi

Eneo la maziwa makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Uchunguzi wa kumbukumbu za setilaiti uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, karibu na Bukavu, nafasi ya pili duniani nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Ofisi za Bukavu, Goma na miji ya kandokando ya Ziwa Viktoria hazina budi kulifikiria jambo hili kabla ya lolote.

Ni nadra radi kupiga jengo lenyewe. Kwa kawaida huingia kwa kupitia nyaya: waya wa umeme, laini ya simu, na ule ambao wengi husahau, waya wa ekstensheni unaopita nje kwenda kibanda cha mlinzi, mizani au ghala la ng'ambo ya uwanja. Waya huo ukipita juu ya nguzo bila kinga, hupeleka radi moja kwa moja kwenye kadi ya ekstensheni.

Kinga ni vizuia radi kwenye ncha za nyaya zote zinazotoka nje, pamoja na ethi iliyo hai. Kizuia radi hufanya kazi kwa kuupeleka umeme ardhini, na mara nyingine hufa katika kazi hiyo kwa kushikana. Hapo laini hunyamaza. Kikichomolewa na laini ikarudi, kimefanya kazi yake na kinatakiwa kubadilishwa. Kuacha laini bila kizuia radi kwa kuwa "sasa inafanya kazi" ni kuandaa kadi inayofuata kuungua.

Waya wa ethi ufuatwe kwa macho mpaka kwenye fimbo yake ardhini. Mara nyingine hukutwa umekatwa na mtu wa bustani, umeungwa kwenye bomba la plastiki, au fimbo imeoza. Ardhi ikikauka wakati wa kiangazi ukinzani hupanda, kwa hiyo kipimo kichukuliwe kiangazi. Kitabu cha kila mtambo hutaja kiwango kinachotakiwa. Ethi ya umeme na ya simu ziunganishwe pamoja. Zikiachwa mbali mbali, radi ikipiga karibu huzaa tofauti ya volti kati yake, na tofauti hiyo hupita ndani ya mtambo.

Hakuna kadi mpya inayostahili kufungwa baada ya radi kabla ethi haijapimwa.

Nyaya za ndani

Ekstensheni moja ikifa, jaribio linaanzia kwenye bodi ya krone. Waya wa jengo utengwe, na simu ya majaribio iungwe upande wa mtambo. Mlio ukisikika, poti ni nzima na hitilafu iko kati ya krone na meza. Usiposikika, poti au waya mfupi unaotoka kwenye kadi ndio wenye tatizo. Izingatiwe kwamba simu ya kidijitali ya mtambo haifanyi kazi kwenye poti ya simu za kawaida, wala ya kawaida kwenye poti ya kidijitali.

Kupima waya wenyewe, utengwe ncha zote mbili. Ncha za mbali zikiunganishwa pamoja, jozi ya shaba ya milimita 0.5 yenye urefu wa mita 100 husoma takriban ohm 17. Ikisoma mamia ya ohm, kuna kiungo kibovu. Ncha za mbali zikiachwa wazi, mita isisome kitu. Ikisoma ohm elfu chache, maji yameingia.

Sauti pia hueleza. Mkwaruzo unaozidi wakati wa mvua ni unyevu. Mvumo wa kudumu huashiria waya mmoja wa jozi umekatika au umegusa ethi, au kebo imelazwa sambamba na nyaya za umeme. Kusikia mazungumzo ya meza nyingine ni dalili kwamba jozi zimechanganywa kwenye krone. Pwani, chumvi ya hewani huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Bara, vumbi na panya hufanya kazi hiyo hiyo.

Kadi

Ikiwa yote yaliyotangulia yamepimwa na kuonekana sawa, sasa kadi inaweza kushukiwa.

Kwanza nakala ya mpangilio ihifadhiwe. Pili mtambo uzimwe, isipokuwa kitabu kikiruhusu wazi kadi kuchomolewa ukiwa umewaka. Tatu fundi aguse chuma chenye ethi au avae mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, maana cheche isiyoonekana kwa macho huweza kuiua kadi nzima. Nne kadi itolewe, ikaguliwe kama ina alama za kuungua, isafishwe miguu yake kwa spiriti safi ya vifaa vya elektroniki, na kurudishwa mpaka ikae sawasawa. Petroli na msasa havitumiki. Kadi nyingi zinazodhaniwa kufa hurudi kazini kwa hatua hii tu, kwa sababu tatizo lilikuwa mguso uliolegea au kutu.

Isiporudi, ibadilishane nafasi na kadi nyingine ya aina ile ile. Hitilafu ikihama na kadi, kadi ni mbovu. Ikibaki kwenye nafasi, kosa ni la bodi ya nyuma au kadi kuu, na kununua kadi ya ekstensheni hakutasaidia. Kumbuka kwamba katika mitambo mingi namba za ekstensheni hufuata nafasi, hivyo baada ya jaribio kila kadi irudishwe kwake.

Ikifa poti moja au mbili tu, si lazima kununua kitu. Simu hiyo huhamishiwa poti isiyotumika na namba yake kupangwa upya.

Yanayofanana na ubovu

Mambo mengine huonekana kama vifaa vimeharibika ilhali ni mpangilio. Ofisi ya Tunduma inaweza kupiga Mbeya bila shida na kushindwa kupiga Nakonde inayoonekana dirishani. Nakonde iko Zambia, namba zake huanza na 260, na ekstensheni imezuiwa kupiga nje ya nchi. Ndivyo ilivyo Malaba, ambako mji wa jina moja uko Kenya kwa 254 na Uganda kwa 256.

Aidha, simu isiyoita inaweza kuwa imewekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa au kuelekezwa kwingine. Simu zote za nje zikiita kwa mlinzi, pengine mtambo umeachwa kwenye mpangilio wa usiku. Laini inayobaki na shughuli baada ya watu kukata simu mara nyingi hutokana na mtambo kutoutambua mlio wa kukatika wa kampuni ya simu. Na kwa simu zinazopita kwenye intaneti, upande mmoja kusikia na mwingine kutosikia kwa kawaida ni suala la ruta.

Kununua na kutengeneza ng'ambo ya mpaka

Kadi ikithibitika kufa, namba kamili ya kadi na toleo lake zilinganishwe herufi kwa herufi na ya zamani. Kadi za laini za nje hutengenezwa kwa matoleo ya nchi tofauti, na pawa saplai iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake. Muuzaji aombwe picha ya kibandiko, na ikiwezekana kadi ijaribiwe kabla ya malipo.

Kwa forodha, mitambo ya simu na vipuri vyake viko chini ya kifungu 8517. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kadi iliyotengenezwa Asia haipati nafuu hiyo hata ikinunuliwa kwenye duka la nchi jirani. Kadi inayopelekwa kutengenezwa nchi ya pili itangazwe forodhani wakati wa kutoka, namba yake ya kiwandani ikiandikwa kwenye karatasi. Bila hivyo, mwenyewe atashindwa kuthibitisha wakati wa kurudi kuwa mali ni yake ya zamani, na anaweza kutozwa kama aliyeagiza kifaa kipya.

Ikiwa iliyokufa ni kadi kuu au bodi ya nyuma ya mtambo usiotengenezwa tena, ni vyema kulinganisha bei yake na ya mtambo mpya wa intaneti. Simu za kawaida za mezani zinaweza kuendelea kutumika kwa adapta. Lakini mtambo mpya utafungwa kwenye umeme ule ule, ethi ile ile na waya ule ule wa kibanda cha mlinzi.

Daftari la mtambo

Ndani ya mlango wa kabati liwekwe daftari lenye mambo haya:

1. Orodha ya ekstensheni, poti na jina la anayetumia.
2. Namba za laini za nje na namba ya kuripoti hitilafu ya kampuni ya simu.
3. Tarehe ya kufungwa kwa betri na ya kipimo cha mwisho cha kila moja.
4. Kipimo cha ethi cha kila mwaka.
5. Tarehe ya nakala ya mwisho ya mpangilio na mahali ilipohifadhiwa.
6. Kila hitilafu: siku, hali ya hewa na umeme, simu zilizokufa, kilichopimwa, kilichobadilishwa.

Fundi mgeni akiitwa usiku ataanza kwa kusoma ukurasa wa mwisho. Akikuta kadi ile ile imeungua Machi na Novemba, na mara zote baada ya radi, ataanza kazi yake kwenye fimbo ya ethi nje ya ukuta.